Kamba ya Nyatichi na Tope Jeusi la Mogogosiek

Jua la saa mbili asubuhi limeanza kunyonya ukungu juu ya mashamba ya chai ya Mogogosiek. Nyatichi amekaa ukingoni mwa shimo, kamba ya katani imemzunguka kiunoni mara mbili. Hajavuta kitu leo. Anaishika tu, vile mama hushika mtoto katikati ya soko.

Nyusi hana. Ziliungua Jumatatu.

Nyatichi, mama wa watoto watano kutoka Kisii, ni mvuta kamba. Mumewe, Orina, huchimba visima. Yeye humshusha, huvuta ndoo za udongo kutwa nzima, na jioni humtoa mumewe. Katika miaka kumi na mmoja wamechimba visima thelathini na kimoja, sasa kwa shilingi nane kila futi. Huko Ndanai jiwe liliwahi kumvunja Orina mbavu mbili.

"Mikono yangu inajua uzito wake," asema. "Akila ugali mingi, najua. Akiwa mgonjwa, najua kabla hajasema."

Wana sheria moja. Kabla Orina hajashuka, huteremsha taa ya koroboi kwa uzi. Ikizimika, hewa ni mbaya, hakuna kushuka. Ikiwaka, anashuka.

Jumatatu iliwaka. Hapo ndipo hofu yake yote ilipo.

Walikuwa wamefika futi ishirini na nne, bondeni mwa shamba la Mama Chelimo, mahali palipokuwa bwawa enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Jumamosi ndoo zilianza kupandisha tope jeusi lenye uvundo, likiwa na majani ambayo mishipa yake bado yaonekana, na vipande vya mti ambao hakuna aliyeupanda. Jumatatu wakateremsha koroboi. Mwali haukutetemeka. Ulirefuka, ukawa wa buluu pembeni.

"Leo hewa ni tamu!" Orina akacheka, akaingiza mguu.

Shimo likapumua. Moto ukapanda vuu! hadi mdomoni. Nyatichi akavuta kwa nguvu zote, akaanguka chali na mumewe juu yake, nywele zao zikinuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa.

Kufika mchana, soko zima lilikuwa linasema Mogogosiek kuna mafuta. Na mwaka huu wa 1974, ambapo dukani mafuta ya taa hupimwa kwa chupa ya soda, nani asingekuja? Walikuja na madebe, wakakinga maji ya mtaro wa bondeni yenye utando unaong'aa rangi rangi.

"Chimbeni tu," Mama Chelimo akaamuru. "Futi kumi tena tutaipata."

"Mama Chelimo, unataka kutuchoma?" Nyatichi akauliza.

"Nyusi itaota tena. Mafuta haioti."

Leo ameitwa Alfayo Okello, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Anaokota kijiti, anachokoza ule utando. Unavunjika vipande vipande kama ganda la yai.

"Hii si mafuta," asema. "Mafuta ukiigawa na kijiti, inarudi kushikana. Hii ni kutu ya udongo."

"Na ule moto?" Mama Chelimo anang'ang'ania.

Okello anachuchumaa na kueleza polepole. Mafuta mengi, asema, yalianza na viumbe vidogo vya baharini, vidogo hata jicho halivioni. Vilikufa vikazama kwenye tope lisilo na hewa. Tope jingine likarundikana juu hadi likawa mwamba, vikashuka maili nzima na zaidi, joto la ardhi likavipika mamilioni ya miaka. Vikiiva, ni mafuta. Vikizidi kupikwa, ni gesi.

"Hapa ni majani na miti imezikwa juzi tu. Inaoza bila hewa, inatoa gesi yake. Sufuria haijaona jiko, mama. Lakini hiyo gesi ndiyo iliwachoma, na itaua mtu."

"Juzi lini?" Orina anauliza.

"Labda miaka elfu kadhaa."

Watu wanaangua kicheko. Nyatichi hacheki.

Mama Chelimo anamwaga majanini chupa yake ya maji ya mtaro. "Basi maji je? Watoto wangu wanakunywa mtoni pamoja na ng'ombe."

Orina anavua shati, anamgeukia mkewe na kumwita kwa jina la mtoto wao. "Imebaki futi tatu, Mama Bonareri. Nitashuka bila taa. Bila moto haiwezi kuwaka."

"Na pumzi utavuta ya nani huko chini?"

Orina ananyoosha mkono apewe kamba. Ndipo Nyatichi anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: anaifungua kiunoni, anaikunja, anaiweka chini na kuikalia.

"Mama Bonareri, watu wanatuona."

"Waone. Kukushusha hata jiwe linaweza. Kazi yangu ni kukutoa, na ukizirai huko siwezi kukutoa."

Mwishowe Mama Chelimo anaonyesha mteremkoni kwa kidole. "Basi chimbeni kule juu. Mimi sitaki maiti kwa shamba yangu."

Alasiri shimo la zamani limefunikwa kwa magogo na miiba. Jipya limemfika Orina kifuani. Kule juu maji huenda yako futi sitini; ni kazi mara mbili, na mvua imekaribia. Nyatichi amepanga namna yake: koroboi haitoshi tena. Kila ndoo ataitia mkono, atainusa, na siku itakapoleta tope jeusi, Orina anatoka, hata kama imebaki futi moja kufikia maji.

Ndoo ya kwanza inapanda. Anachota udongo, anausugua kati ya vidole.

"Mwekundu," asema, bila kutabasamu. "Naomba uwe mwekundu mpaka mwisho."