Ndagala Zilizoachwa Mvuani

Rumonge yetu haisahau mambo madogo. Shangazi yangu, dada wa baba, aliacha ndagala zake, dagaa wa ziwa letu, mvuani siku moja wakati wa vita, zikaoza, na mpaka leo, mimi nimeshaota mvi, bado wanamwita mvivu. Kwa wanawake wanaoanika samaki hakuna aibu inayozidi hiyo. Wingu likitokea tu upande wa Kongo, kila mmoja anakimbilia ndagala zake.

Mwaka huu chama cha waanikaji kilijenga vichanja vipya vya waya, na shangazi akaomba nafasi. Aliitaka kweli, maana kuinamia mchanga kunamuumiza mgongo. Wenzake walisema watajadili Jumapili. Nilijua maana ya kujadili huko na nilikasirika, lakini sikuwa na la kumtetea.

Jumamosi tulikuwa uani tukichambua mchele, nikamsimulia somo nililokuwa nawaandalia wanafunzi wangu wa historia. Lilimhusu jasusi mmoja wa Denmark, mpiganaji wa siri wakati Wajerumani walipoikalia nchi yake. Alikula na kunywa na maofisa wa adui, akacheka nao mezani, na kila alichosikia akawapelekea wenzake. Majirani hawakujua. Walimwita msaliti, wakamtemea mate, naye akajifuta na kunyamaza.

Shangazi aliacha mchele.

"Vita vilipoisha, hao majirani walimuomba musamaha?"

"Baadhi yao, Shangazi."

"Iko vizuri," akasema. Kisha akaanza kunieleza, taratibu, macho yake kwenye ungo.

Wakati ule baba yangu alikuwa akitorosha watu kwa boti. Yeye na dada yake walikuwa na alama yao: wingu likija, shangazi akianua ndagala, boti itie nanga; akiziacha, kuna hatari ufukweni. Siku hiyo boti ilitoka Gitaza na watu, ikipita kwetu kuchukua wengine, na wenye bunduki walikuwa wamejificha nyuma ya mitumbwi. Wanawake wote walianua, wakimpigia kelele na yeye aanue. Hakuinuka. Mchanga wote ukabaki mtupu, ndagala zake peke yake zikimeta. Boti ikageuka, ikashika njia ya Tanzania.

"Mule mu boti alikuwamo mama yako," akasema. "Na wewe mu mugongo yake."

Nililia, wala sioni haya kuliandika. Nilimuuliza kwa nini alikaa na jambo hilo miaka yote hii.

"Kwanza niliogopa. Kisha nikazoea." Akarudia mchele wake. "Kesho ukitaka, sema."

Nilisema, mbele ya wote. Mwenyekiti wao, ambaye siku ile alikuwa msichana na alipiga kelele kuliko wengine, aliinuka, akaondoa nyavu zake za kuanikia kwenye kichanja cha mbele, akarudi kumshika shangazi mkono.

"Tusamehe, mama. Weka zako hapa."

"Murakoze," akashukuru shangazi.

Juzi nilikuwa naye ufukweni wingu lilipotokea. Wa kwanza kuruka alikuwa yeye, pamoja na mgongo na maumivu yake yote, akizoa ndagala kwa mikono miwili. Mwenyekiti akacheka.

"Eh, mama, leo unakimbia?"

"Leo sina mutu mu maji," akasema, akaendelea kuzoa.