Bibi wa Ukutani

Menyu ya mkahawa huu wa Jeddah inadai kwamba kampuni ilianzia Marekani, jikoni kwa bibi wa Kitaliano. Kuta zake zimejaa picha za kale. Juzi, kwenye meza ya jirani, mama mmoja mtu mzima wa Kizanzibari alimwuliza mhudumu Mkenya, "Mwanangu, bibi mwenyewe ni yupi?"

"Hayupo, mama. Picha zilikuja kwa kontena, pamoja na viti. Kila tawi hupewa."

Nikaanza kutunga kejeli kuhusu kampuni inayojinunulia mababu. Yule mama akainuka, akapangusa kioo cha picha moja ya mwanamke asiyetabasamu kwa ncha ya buibui, akanikabidhi simu.

"Nipige picha na huyu. Tulihama Unguja mwaka sitini na nne bila picha hata moja ya mama yangu. Naye hakuwa mtu wa kucheka."

Nikapiga tatu.