Sanduku la Kuitazamia Zuhura

Asubuhi ya kukaguliwa kwa spektromita yetu, chombo cha kuchambua mwanga tulichokiunda maabara, nilitoka kuoga nikamkuta baba amelipakata sanduku la chombo hicho, uso umejaa tabasamu. Sanduku liling'aa hadi ndani.

Sanduku lile la alumini lilichongwa na mafundi vyuma wa Katwe, na ndani yake nililipaka mwenyewe rangi nyeusi ti, isiyorudisha mwanga hata chembe. Chombo chetu kilikusudiwa kunasa miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ile inayopenya mawingu ya Zuhura na kutueleza hewa yake ina nini na uso wake ukoje. Miale hiyo hufika dhaifu mno. Kuta za ndani zikiwa na mng'ao, mwanga uliopotea njia hurukaruka humo na kuimeza yote. Nililileta nyumbani rangi ikauke mbali na vumbi la maabara, vioo tuvifunge asubuhi. Wakaguzi wakiridhika, chombo kingefungwa kwenye darubini kubwa ng'ambo. Wasiporidhika, kazi yetu ingeishia kabatini.

Baba ni polisi mstaafu, mtu wa kaskazini aliyetulea kambini. Kwake hakuna ukaguzi bila kung'arisha: vifungo, viatu, chuma cha mkanda, hata sufuria za mama.

"Ndani ilikuwa chafu sana, mtoto yangu," akasema. "Nyeusi kama sufuria ya kambi. Nimesugua mpaka yote imetoka. Sasa wakubwa watakagua kitu safi."

Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa waya wa kusugulia. Nilikuwa na hasira ya kuvunja vyombo. Muda wa kupaka upya haukuwepo. Nikamwambia asante, nikalibeba.

Mbele ya wakaguzi tulipitisha mwanga kwenye chupa yenye hewa ya ukaa, iliyojaa tele huko Zuhura. Pale hewa hiyo inapomeza mwanga, mstari kwenye skrini ulipaswa kudidimia. Haukudidimia popote. Mkaguzi mmoja akafunua kifuniko, akachungulia, akauliza kwa upole ni nani aliyeliandaa sanduku hili. Nikasema ni mimi.

Jioni nilimkuta baba mlangoni, amevaa shati lake la kanisani, ananingoja.

"Waliona vile inang'aa?"

"Waliona, baba. Hata kifuniko walifunua."

Akamwita mama aje asikie.