Nilivyomtafsiria Baba Bura

Jamani wenzangu, leo nimemdanganya mzee wa watu mchana kweupe, na amenishukuru.

Mnajua tangu nimalize la saba namsaidia mwalimu wa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu hajui Kiiraqw, kwa hiyo mzazi akija, mkalimani ni mimi.

Leo aliitwa Baba Bura. Mwanawe ana wiki mbili haji shule, yuko machungani.

Mwalimu mkuu akafoka: "Mwambie kesho mtoto asipofika, mgambo watamkamata yeye mwenyewe!"

Sasa mimi, mtoto wa juzi, nimwambie hivyo mzee wa rika la baba yangu? Tena amevua kofia kunisalimia?

Nikasema kwa Kiiraqw, "Mwalimu anasema tumemkumbuka sana Bura."

Mzee akacheka. "Mwambie ahsante. Tukimaliza kuvuna nitamleta."

"Anasemaje?" akauliza mwalimu mkuu.

"Anasema... amesikia."

Wakapeana mikono!

Mlangoni mzee akanigeukia: "Binti yangu, wazazi wako wamekulea vizuri."

Chakula cha mchana nikakiacha, nikakaa kuwaandikia karatasi hii.

Ingekuwa ninyi mngesemaje? Nijibuni, ila karatasi hii pokezaneni wenyewe, mwalimu mkuu asiione.

Mimi naenda kwa Baba Bura sasa hivi, nimwambie ukweli, kabla giza halijaingia. Nimejaribu kulitamka neno "mgambo" hapa peke yangu, mara tatu.

Bado linatoka kwa kunong'ona. Nitamnong'oneza hivyo hivyo.