Bata wa Leonard Tidmarsh na Siku Sita Zilizopungua

Leonard Tidmarsh alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumfumbia macho muuza nyama hata mmoja. Baa tatu za mji wetu, Marlbridge, zilimnunia kwa ajili ya bia iliyopungua kidole kwenye glasi. Alipostaafu, wenzake wa kazini walimzawadia saa ya ukutani. Aliipima wiki nzima, kisha akawaandikia barua ya shukrani na kuwaarifu kwamba inachelewa.

Nimekaa nyumba ya pili kutoka kwake miaka ishirini na miwili. Watu humcheka, nami sikatai kwamba anachekesha. Lakini nimeona wengi wanaosifiwa kwa uaminifu kwa sababu tu uaminifu haujawahi kuwagharimu kitu. Leonard ulimgharimu, au ulikaribia, na ndiyo maana namwandika.

Alikuwa na kitu kimoja cha fahari, bakora ya babu yake: mti mweusi, mpini wa pembe uliochongwa kichwa cha bata, na pete ya fedha shingoni. Ukibonyeza jicho la bata na kuvuta, unatoka upanga mwembamba kama sindano ya kushonea magodoro, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Ukoo mzima ulisimulia kwamba babu alipewa na ofisa mmoja zama za malkia wa zamani. Kwa bakora hiyo Leonard alikubaliwa katika chama cha wakusanyaji, kinachokutana ukumbi wa kanisa kila Alhamisi ya pili, kwa chai na keki ya limau. Mwenyekiti wake ni Cyril Aspinall, daktari wa meno mstaafu, mwenye bakora arobaini na moja.

Wanachama wote wanaijua sheria kama watoto wa chuoni wanavyoijua Alhamdu. Bakora yenye upanga ni marufuku, hata ikiwa imelala kabatini mwako, isipokuwa iwe imepita miaka mia tangu itengenezwe. Na hata ikiwa imepita, huendi nayo barabarani bila sababu ya maana.

Jumanne, tarehe ishirini na tatu Juni, chama kilikuwa kikijiandaa kwa maonyesho ya Jumamosi. Noreen, mke wa Leonard, alikuwa mezani akiisugua ile pete kwa dawa ya kung'arisha fedha. Weusi wa miaka ukatoka.

"Len," akaita, "huyu bata ana maandishi shingoni."

Leonard akaleta lenzi. Mihuri inayogongwa kwenye vyombo vya fedha aliifahamu vizuri. Kulikuwa na herufi inayoonyesha mwaka wa kugongwa, na zamani zile herufi ilibadilishwa kila Julai. Hii ilitumika tangu Julai ya 1925 hadi mwisho wa Juni ya 1926. Wakati huo malkia wa zamani alikwisha kuwa kaburini robo karne nzima. Leonard akaketi.

"Basi si imetimiza miaka mia?" Noreen akauliza.

"Labda. Ikiwa iligongwa mhuri Julai, imepita. Ikiwa iligongwa tarehe ishirini na tisa Juni, imepungua siku sita."

"Siku sita, Len. Isukume chini ya kitanda, tujifanye hatujaiona."

"Nimewahi kumpa muuza nyama siku sita?"

"Hukuwahi kumpa hata salamu."

Akampigia simu Cyril, kwa sababu jina la bakora lilikwisha kuchapwa kwenye orodha ya maonyesho.

"Mhuri ni wa pete, bwana, si wa bakora," Cyril akasema. "Pete inaweza kuwa iliwekwa baadaye."

"Inaweza."

"Basi sema hivyo."

"Sijui kama ndivyo ilivyokuwa, Cyril."

"Hakuna anayejua. Huo ndio uzuri wake."

Leonard akakata simu. Kukaa na bakora kulikuwa kosa labda, na kuisalimisha ni kuipoteza kwa hakika, maana vinavyosalimishwa huyeyushwa. Babu yake alimfundisha kutembea kwa kumshikiza kichwa cha bata yule. Chai ikapoa mbele yake, kisha akawapigia polisi. Wakamwambia kituo cha Marlbridge kilikwisha fungwa, sasa kinauza kahawa, ila nje pamebaki sanduku la chuma la kusalimishia visu. Aifunge vizuri, aitumbukize.

Akaifunga kwa taulo la kuogea. Mfukoni akaweka barua yenye sahihi yake, inayoeleza sababu ya kuwa nayo barabarani. Nyonga yake ni mbovu, kwa hiyo aliegemea mwavuli wa mkewe, akiwa na bakora kwapani. Noreen alimfuata nyuma.

Mdomo wa sanduku ni mwembamba, una meno ya chuma yanayoelekea ndani ili kilichoingia kisirudi. Leonard akavua taulo, akaingiza bakora kwa ncha. Ikashuka hadi nusu ikagota. Sanduku lilikuwa limejaa visu vya jikoni. Akasukuma, wapi. Akavuta, na meno yakauma mti. Kichwa cha bata kikabaki nje kikitazama barabara kuu.

Hapo ndipo alipogundua balaa lenyewe. Akabonyeza jicho, akavuta kidogo, na upanga ukateleza vidole viwili kwa ulaini wa siagi. Akaurudisha upesi. Ala ilikuwa imenaswa, upanga ulikuwa huru, na sanduku lililowekwa kukusanya silaha sasa lilikuwa likimwonyesha kila mpita njia upanga wa bure. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha bata, akasimama.

Noreen akapiga simu polisi. Nilikuwa natoka kununua mkate, nikayasikia haya kwa masikio yangu.

"Kuna upanga sandukuni," akasema.

"Ndipo unapotakiwa kuwa, mama."

"Haujaingia wote."

"Kuna mtu ameushika?"

"Mume wangu."

"Ana hasira?"

"Ana nyonga."

Wakasema watatuma mtu.

Sasa, mtu wa huku akimwona mwenzake amesimama wima mbele ya kitu, ametulia, ana mwavuli, haulizi. Anasimama nyuma yake. Bibi mmoja mwenye kikapu ndiye aliyeanza. Wakaja wawili na mbwa. Katika dakika ishirini foleni ilifika dirisha la mfamasia.

"Hii ni ya nini?" mtu akauliza.

"Sijui, lakini haisogei."

"Basi ni ya kitu kizuri."

Bibi wa mbele akamgusa Leonard begani. "Mwanangu, wewe unahudumiwa au bado?"

"Mimi si foleni, mama. Nalinda upanga."

Bibi akalitafakari hilo. "Sawa. Nitangoja umalize."

Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Ukiuchomoa, mzee, tutakuwa raia wako!" Wakacheka, lakini hakuna aliyetoka mahali pake.

Konstebo Bhogal alifika baada ya saa moja na nusu, binti mpole wa miaka kama thelathini. Cyril naye alikuwa amekwisha fika, na akamwahi.

"Afande, hiyo ni ya kale kabisa. Zama za malkia. Mimi ni mwenyekiti, naapa."

"Nasi tunaapa," bibi akasema, ingawa hakujua anaapia nini.

Konstebo akamgeukia Leonard. Kwa neno moja tu, "ndiyo," angemwokoa bata wake na jina lake.

"Si ya zama za malkia," akasema. "Hilo tulisimuliwa tu. Huenda imetimiza miaka mia, huenda imepungua siku sita. Siwezi kuthibitisha. Nimevunja sheria, labda."

"Mzee, wewe si ndiye uliyempeleka babu yangu mahakamani kwa mizani ya duka lake?" konstebo akauliza.

"Bhogal wa mchele. Gramu arobaini pungufu kwa kila kilo."

"Ulimpeleka kwa labda?"

Leonard akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa akipitia miaka thelathini na mmoja. "Hapana. Nilipima mara tatu. Sikumshtaki mtu yeyote kwa labda."

"Basi na mimi sikushtaki." Akatoa vifungo vya plastiki, akamkaza bata shingoni hadi kwenye sanduku, upanga usichomoke. "Na kilichosalimishwa huandikwa siku sanduku linapofunguliwa, si kabla. Ufunguo huletwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi."

Noreen akahesabu kwa vidole. Jumatano ya kwanza ilikuwa tarehe mosi Julai, siku ambayo hata pete iliyogongwa mwisho wa Juni ingekuwa imepita miaka mia.

"Hiyo ni hila," Leonard akasema.

"Ni ratiba, mzee. Sikuipanga mimi."

Siku nane bata alitazama barabara kuu, na maonyesho yakapita bila yeye. Mtu akamvisha kofia ya sufu. Jumatano sanduku likafunguliwa, vifungo vikakatwa, na bakora ikaandikwa kuwa na umri wa miaka mia na zaidi, halali, irudishwe kwa mwenyewe. Leonard alidai waandike pembeni kwamba wiki moja nyuma haikuwa na uhakika. Wakaandika. Akaifunga taulo lake, akaenda nayo nyumbani akiegemea mwavuli.

Sasa imetundikwa ukutani, chini ya ile saa inayochelewa, na kadi yake inasema: "1925 au 1926. Habari za malkia si kweli." Ina alama za meno ya chuma kwenye mti, na Leonard hataki zifutwe.

Cyril hakuonekana chamani mwezi mzima. Tulimwona Jumatatu moja mchana, mbele ya sanduku, amebeba mfuko mrefu wa gofu uliofungwa kamba, vichwa vya bakora vikichungulia juu. Nyuma yake walisimama watu sita, wakingoja.