Milango ya Kushoto

Kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest kilipofungwa, nilibaki na mikono isiyojua kukaa. Miaka kumi na tisa nilikuwa napachika milango ya magari, ya upande wa kushoto tu. Ya kulia ilikuwa na wenyewe. Sasa nikawa nazunguka nyumbani kwetu Saint-Gilles na bisibisi, nakaza viti, vitasa, hata mipini ya sufuria. Mke wangu, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao, alivumilia wiki mbili.

"Bon, umekaza kila kitu," alisema. "Ukinikaribia mimi na hiyo bisibisi, naita majirani. Nenda Laeken. Kuna maman mmoja namhudumia, ameletewa milango ya kabati, na hakuna wa kuipachika."

Nilikwenda nimenuna. Nilichokuwa nimemficha mke wangu ni hofu: kwamba pengine nje ya kiwanda sikuwa fundi wa chochote, na kazi hiyo ndogo ingenithibitishia.

Maman mwenyewe alikuwa mtu mzima wa Lubumbashi, anayeburuta mguu mmoja na kutembelea fimbo. Chumba chake kilikuwa chembamba. Milango ya zamani ya kabati la ukutani ilikuwa ikigonga kitanda, ikaondolewa na kuwekwa pazia. Hii mipya ilikuwa ya kukunjika, jozi mbili, kila moja ijikunje upande wake na kuacha nafasi katikati.

"Ikala kwanza, papa. Chai iko."

"Asante, maman. Nikimaliza."

Nisingeweza kukaa hata kwa kufungwa kamba. Nilivua viatu, nikapiga magoti juu ya zulia nene la kahawia, na tundu la kwanza nikalitoboa papo hapo. Drili ikanasa uzi wa zulia, ikauzungusha, na mstari mrefu ukafumuka hadi karibu na kitanda. Hata fundi wa jana anajua kwamba zulia hukatwa kidogo kwanza. Nikakata uzi, nikatoa kijipande cha zulia, nikaweka kibao chini ya kile chuma kinachoshika pini ya mlango, ili mlango usikwaruze manyoya. Baada ya hapo mikono ikapata kasi yake ya kiwandani, nami nikaiachia. Jasho lilinitoka, na nilifurahi kijinga.

Maman alikuja na fimbo yake kujaribu. Jozi ya kushoto ikajikunja vizuri pembeni. Akavuta ya kulia. Nayo ikajikunja kuelekea kushoto, ikasimama katikati ya kabati, imechomoza hadi karibu na kitanda.

"Papa, mulango yote mbili iko naenda kushoto?"

Mazoea yana taabu. Jozi ya kulia nilikuwa nimeipachika kama ya kushoto, na macho yangu hayakuona kosa lolote.

"Alors mi natoka ku kitanda, napita wapi?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ao unataka kunifungia na manguo?"

Mimi sikucheka. Nilitamani kukusanya vyombo nitoroke bila viatu. Jibu langu nilikuwa nimelipata, na lilikuwa lile lile nililoliogopa.

"Ikala," alisema tena, na safari hii nilikaa, nikapokea kikombe. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi.

"Mutoto yangu ni muzuri," alisema. "Lakini rideau, ile pazia, inashika fimbo, nilianguka mara moja. Donc yeye njo anachagua nguo, ananivalisha sawa mutoto. Mie niko mama yake, papa."

Nilirudi kwenye zulia. Kuihamishia jozi ile kulia kulinichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya mwanzo. Mikono haikujua lolote. Kila skrubu niliifikiria, nikakosea, nikaifungua, nikalaani kimoyomoyo. Tundu la pini niliyoihamisha, lililobaki kwenye zulia katikati ya kabati, maman alilifunika kwa ndala zake, akasema hapo ndipo mahali pake.

Kisha akafungua. Kushoto, kulia. Akaingia katikati na fimbo yake, akatoa kitenge cha kijani, akakirudisha, akatoa cha njano, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akafunga milango, akaifungua tena.

Nilisimama na viatu mkononi na sikuweza kuondoka. Miaka yote kumi na tisa magari yalikwenda zake, na sikuwahi kumwona mtu hata mmoja akifungua mlango nilioupachika.

"Papa, toka basi," alisema maman. "Nataka kuvaa."