Diski ya Bi Mize na Umeme Uliokatika

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa fahari kuliko hata ile niliyovishwa joho la shahada. Nilikuwa Chwaka, nikimrekodi bibi yangu, Bi Mize, nyimbo walizoimba wanawake wenzake wakipiga makumbi ya nazi. Kifua kilikuwa kimemlemea, na daktari alikwisha kutwambia kuwa sauti ile haikai. Kila alichoimba kilikwenda kwenye diski iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, nayo ikitegemea umeme wa ukutani.

Kabla ya wimbo wa mwisho aliomba apumzike. Nikailaza kompyuta usingizi bila kuifunga kazi. Mara umeme ukakatika, diski ikazimika.

Sikubabaika. Tahadhari kabla ya athari: mapema nilikuwa nimeiagiza kompyuta kwamba ikiamka, diski iliyopotewa na umeme iihesabu kuwa ni ile ile, kazi iendelee.

Ndipo alipoingia binamu yangu Makame, na diski yake ya aina ile ile, akitaka kuiamsha kompyuta kwa betri atie picha za harusi.

“Hiyo yako ishakufa, nipe tundu lake. Au msomi unailinda mashine iliyolala kama mzazi aliye ndani ya arubaini?”

Watu wakacheka. Nikamweleza kuwa kompyuta huitambua diski kwa sura yake ya nje tu. Ikikuta nyingine iliyofanana nayo, huweza kuandika mambo ya hii juu ya ile, zikaharibika zote mbili. Hakuniamini.

Bi Mize akainua kichwa kitandani. “Makame, mwenzio akitoka safuni kwenda kutia udhu, kofia aliyoiacha unaikalia?”

“La, bibi.”

“Basi mwache.”

Umeme uliporejea alasiri, niliiacha diski iwake kwanza, kisha nikaiamsha kompyuta. Kazi ikaendelea pale pale ilipoachwa. Bi Mize akaimba wimbo wa mwisho, na Makame mwenyewe akawa mwitikiaji. Leo vitukuu wasiopata kumwona wanaziimba nyimbo zile.

Basi nakuusia, mwanangu. Kobe akiinama hutunga sheria. Usidhani mashine iliyolala haina shughuli. Hifadhi kazi kabla ya kuilaza. Ukitaka kuchomoa kifaa, iamshe kwanza uiage, yaani uiambie ikiachie. Usibadilishe diski kompyuta ingali imelala, hata ukichekwa, maana kicheko hupita na kilichofutika hakirudi.

Mwenyezi Mungu akujaalie mkono mtulivu, na sauti za wakubwa wako zikae salama kwako. Amin.